Kutoka buti za Texas hadi raba: nani aliwabadilisha sare wahudumu wa ndege?

#1 Mtaa wa Pili

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeangalia picha za zamani za Southwest Airlines ya Marekani na kuna jambo limenikaa kichwani. Leo ni shirika kubwa, lakini lilizaliwa dogo, la jimbo moja tu, Texas. Dallas, Houston, San Antonio, unazunguka humo humo. Safari ya kwanza ya abiria ilikuwa tarehe 18 Juni 1971, na wahudumu wote walikuwa mabinti, wamevaa kaptura fupi za kubana rangi ya chungwa na buti nyeupe ndefu za kufunga kamba. Vinywaji vilipewa majina ya mahaba, karanga nazo vilevile. Hata kwenye soko la hisa la New York herufi zao ni LUV, yaani "love", mapenzi.

Njoo miaka ya 90. Shirika lile lile, wahudumu wana bukta za heshima, fulana za kola na raba. Mwaka 2017 wakabadilisha tena, zikaja gauni na suti ambazo mtu anazitupa kwenye mashine ya kufulia nyumbani kwake.

Swali: nini kilimtoa mhudumu kwenye buti kikamwingiza kwenye raba? Mimi nasema ni mahakama. Mwaka 1981 kulikuwa na kesi ya Wilson dhidi ya Southwest. Wanaume walinyimwa kazi ya uhudumu, kampuni ikajitetea kwamba mvuto wa kike ndiyo biashara yenyewe. Jaji Higginbotham akawaambia hapana, biashara yenu ni kusafirisha abiria. Baada ya hapo ikabidi waajiri wanaume. Sasa kaptura ile unamvalisha nani?

Karibuni.

#2 Kiti cha Dirishani

Nimekaa paleee. Wa karanga apite huku.

#3 Binti Makorora

Mleta mada umeanza hadithi katikati. Southwest hawakubuni kitu hapo, walichota California kwa PSA, yaani Pacific Southwest Airlines. Hao walianza mwaka 1949 kule San Diego, mwanzilishi Kenny Friedkin, ndege yenyewe DC-3 ya kukodi. Nao walikuwa wa jimbo moja. Mwishoni mwa miaka ya 60 wahudumu wao walikuwa kwenye sketi fupi za mini, miaka ya 70 wakaingia kwenye kaptura, rangi za waridi na chungwa zinazoumiza macho. Ndege zao zilichorwa tabasamu kwenye pua.

Wakubwa wa Southwest walipokuwa wanajiandaa walikwenda San Diego kujifunza, na PSA wakawaruhusu hadi kunakili vitabu vyao vya taratibu za kazi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani aliwavua buti, uliza nani aliwavisha.

PSA wenyewe hawapo tena, USAir iliwameza mwaka 1988.

#4 Embakasi Damu

Wadau, salamu kutoka Nairobi.

Mahakama ni kisingizio, hii ni pesa. Zamani Marekani kulikuwa na bodi ya serikali kuu iliyopanga nauli za ndege zinazovuka kutoka jimbo moja hadi lingine. Shirika halingeweza kushusha bei ati livutie wateja. Sasa kama bei ni moja kote, utashindana na nini? Chakula na warembo. Ndiyo maana kila kampuni ilikimbilia wabunifu wa mitindo. Mwaka 1978 sheria ikaondoa udhibiti huo, bei zikaachiliwa, tiketi zikashuka, akina mama na watoto wakaingia kwenye ndege. Biashara ya mapaja ikaisha hapo. Abiria anataka bei, hataki sinema.

#5 Binti Makorora

@Embakasi Damu hoja yako ni tamu lakini ina tundu. PSA na Southwest ndio hawakuguswa na hiyo bodi, kwa sababu hawakuvuka mpaka wa jimbo. Walipanga nauli watakavyo, na kweli walikuwa rahisi kuliko wakubwa. Kwa maelezo yako wao ndio wangevaa kistaarabu. Mbona ndio waliovaa fupi kuliko wote?

#6 Embakasi Damu

@Binti Makorora ulikuwa wakili wewe? 😂

Basi nisikilize tena. Angalia nani alipanda ndege ya Dallas kwenda Houston mwaka 1973. Ni wanaume wa ofisini, nauli analipa mwajiri. Ndipo Braniff, mshindani wao, akashusha nauli hadi dola 13 ili awaue. Southwest wakasema sawa, lipa 13 kama wewe, au lipa 26 kamili upewe chupa ya pombe kali bure. Wanaume wakalipa 26 pesa ya kampuni, chupa wakaenda nayo nyumbani! Kwa muda Southwest wakawa wasambazaji wakubwa wa pombe kali Texas. Huyo ndiye abiria aliyevaliwa kaptura. Abiria alipobadilika, sare ikabadilika. Udhibiti uwepo usiwepo.

#7 Kiti cha Dirishani

Hiyo ya chupa irudi jamani. Dar–Mbeya nitalipa mara mbili.

#8 Mzee wa Gerezani

Vijana, shikamooni hamtoi siku hizi, lakini nimewasamehe.

Mnaongea kama kazi hii ilianza na kaptura. Mhudumu wa kwanza wa kike, Ellen Church, alipanda ndege mwezi Mei 1930, kampuni ya Boeing Air Transport, kutoka pwani ya California kwenda Chicago. Alikuwa muuguzi mwenye cheti, na wote walioajiriwa pamoja naye walikuwa wauguzi. Nje ya ndege walivaa suti ya sufi na joho, ndani ya ndege wakavaa nguo nyeupe ya hospitali. Kwa nini? Watu waliogopa kuruka, na wengi walitapika. Ukimwona nesi unatulia.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, manesi wakahitajika jeshini, sharti la uuguzi likaondolewa. Sare ikawa ya kijeshi kijeshi, kofia, mabega, vifungo. Mini ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo sare imegeuka mara nyingi, na kila mara inasema kampuni inataka abiria amwone nani: nesi, askari, mrembo, au jirani yake.

#9 Mtaa wa Pili

Shikamoo mzee wetu. Darasa limeeleweka. Lakini bado hujasema nani alilazimisha mabadiliko ya mwisho.

#10 Mzee wa Gerezani

Marahaba. Sijasema kwa sababu sikubaliani kwamba ni mmoja.

#11 Kesi Imekwisha

Naomba nirekebishe kidogo #1. Kesi ya Wilson mwaka 1981 haikuwa ya kwanza kufungua mlango kwa wanaume. Mwaka 1971, mwaka ule ule Southwest wanaanza kuruka, mahakama ya rufani iliamua kesi ya Diaz dhidi ya shirika la ndege la Pan Am. Mwanaume alinyimwa kazi ya uhudumu, Pan Am wakasema abiria wanapenda wanawake. Mahakama ikasema anachopenda abiria si sababu, kazi ya msingi ya shirika la ndege ni kumfikisha mtu salama. Na mahakama hiyo ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya Texas. Maana yake Southwest walivaa zile kaptura huku sheria ikiwa imeshasema. Walikaa hivyo miaka kumi hadi waliposhtakiwa wenyewe.

Zaidi ya hapo, hakuna hukumu hata moja kati ya hizo mbili iliyosema "vueni kaptura". Zilihusu ajira. Sare ilifuata yenyewe.

#12 Mtaa wa Pili

Sasa hapo si umenisaidia? Ajira imebadilika kwa nguvu ya mahakama, sare ikafuata. Ndicho nilichosema.

#13 Kesi Imekwisha

Ulisema mahakama iliwavua. Soma post yako.

#14 fundi_mshono

Salaam. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona sare za shule, hoteli, walinzi, na kampuni moja ya mabasi. Niongee kama fundi.

Nyie mnaangalia urefu wa nguo, mimi naangalia kitambaa. Miaka ya 60 na 70 dunia ilijaa poliesta na nailoni. Haikunjiki, haichuji, rangi inawaka. Rangi za chungwa na waridi mnazozitaja, ukizitaka kwenye sufi utazipata kwa gharama, na baada ya kufua fua zinafifia. Poliesta inazitoa kwa bei ya chini na zinadumu. Wabunifu walipopewa kitambaa cha namna hiyo wakacheza nacho. Angalia Braniff mwaka 1965, walimwita Emilio Pucci kutoka Italia, akawashonea nguo za kuvaliwa moja juu ya nyingine, mhudumu anapunguza kipande kimoja kimoja safarini. Akaongeza na kofia ya plastiki angavu inayofunika kichwa kizima ili nywele zisiharibiwe na mvua na upepo mtu akitembea kwenda kwenye ndege.

Halafu kaptura fupi ina shida yake. Mtu mmoja anakaa nayo vizuri, mwingine haikai, na akiongezeka kilo mbili imeharibika. Ukiwa na wafanyakazi mia unarekebisha. Wakifika elfu, wa kila umri na kila umbo, nguo ya kubana inakufilisi kwenye marekebisho tu. Shirika likikua, lazima mshono ulegee. Haihitaji jaji.

#15 Kiti cha Dirishani

Fundi nina shati langu kwako tangu Idi.

#16 fundi_mshono

Lipo tayari. Pesa ndiyo haijawa tayari.

#17 Mama Ruwi

Habari za huko. Nipo Muscat, ila nimefanya kazi hii ya ndege Ghuba kwa miaka kadhaa, shirika silitaji. Nimesoma uzi wote nacheka, wanaume mnajadili kaptura kwa undani kuliko sisi tuliovaa sare.

Niwaambie sare inavyokuwa kazini. Kwenye jengo la uwanja unavaa viatu vya kisigino. Ukishaingia ndani unabadilisha, unavaa vya chini, kwa sababu utatembea na kusukuma toroli saa nyingi, tena njia nyembamba. Kofia inavuliwa. Skafu yetu ilikuwa na kifungo cha kubonyeza, ukivutwa inaachia haikunyongi. Tai za wanaume vilevile za kubana tu, si za kufunga fundo. Hivi vitu abiria havioni.

Alichosema fundi kuhusu nailoni kina upande mwingine. Nailoni na poliesta zikishika moto zinayeyuka na kung'ang'ania kwenye ngozi. Pamba na sufi haziyeyuki. Sisi ndio tunaobaki ndani kutoa watu. Mguu mtupu, soksi ndefu ya nailoni, kisha ushuke kwenye slaidi ya dharura? Ngozi yote inabaki pale. Mimi naamini wahudumu wenyewe, kupitia vyama vyao, walisukuma zaidi kuliko mahakama na wauza tiketi. Marekani wahudumu walipigania hata haki ya kuolewa! Kampuni nyingi zilimwachisha kazi mhudumu akiolewa, au akifika umri wa miaka 32 au 35. Masharti hayo yalianza kuanguka mwaka 1968. Sasa mwanamke wa miaka 45 mwenye watoto, mwenye chama nyuma yake, utamwambia avae kaptura ya kubana akubali?

#18 Binti Makorora

Mama Ruwi umemaliza. Na hii ya umri inaungana na ya fundi, wafanyakazi wa kila umri na umbo.

#19 Embakasi Damu

Na inaungana na yangu pia, lakini ni sawa, nimezoea kunyimwa haki.

#20 Safari ya Usiku

Samahani, mbona hamuangalii mashirika yaliyokwenda njia nyingine? Singapore Airlines sare yao ya sarong kebaya, vazi la Kimalay, ilitengenezwa na Pierre Balmain, na mpaka leo ipo, rangi inaonyesha cheo cha mhudumu. Emirates wana kofia nyekundu na shela jeupe la pembeni, huwezi kumkosea mtu wao uwanjani. Hao hawakuhama kwenda kwenye raba. SkyUp ya Ukraine mwaka 2021 walivalisha wahudumu suruali na raba nyeupe. British Airways wahudumu wapya wa kike waliruhusiwa suruali mwaka 2016 tu, baada ya chama chao kupigania. Na sare ya 2023 ya Ozwald Boateng ina hadi hijabu.

Yaani hakuna mstari mmoja ulionyooka. Kila mtu anakwenda kwake.

#21 Mama Ruwi

Kweli. Ila kuhusu kebaya, uliza waliovaa kama wanaweza kupandisha mkono kwenye sanduku la juu vizuri.

#22 Mzee wa Gerezani

Sasa niwarudishe nyumbani kidogo.

Hizo mini za California zinapamba moto mwishoni mwa miaka ya 60, sisi Dar es Salaam tulikuwa na Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kupiga marufuku mini, mawigi, krimu za kujichubua, na suruali za kubana. Ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, kina dada walishaanza kusumbuliwa Kariakoo. Uganda nao, Amin alipiga marufuku mini mwaka 1972.

Na wakati huo huo nchi tatu tulikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977. Lilikuwa na ndege za jeti za VC10 zikienda London. Sasa fikiria: wahudumu wa shirika la nchi tatu, Nairobi sketi fupi inapita, Dar vijana wanasimama na rula barabarani. Sare lazima iwe moja. Atakayeikumbuka ile sare ilikuwa na urefu gani aje aseme hapa, nina hamu.

#23 Embakasi Damu

Mzee wewe ndiye ulikuwepo! Sisi tulikuwa bado hatujazaliwa.

#24 Mzee wa Gerezani

Nilikuwepo Dar, sikuwa na nauli ya ndege. Niliona matumbo ya ndege tu.

#25 Kesi Imekwisha

Swali zuri hata hivyo, kwa sababu linaonyesha nguvu ya nne, siasa. Marekani mnaongea soko, mahakama na chama cha wafanyakazi. Kwetu sare ya shirika la taifa ni bendera. Kenya Airways ilipoanzishwa 1977 rangi zilitoka kwenye bendera, na mpaka leo nyekundu ya wahudumu wao huwezi kuikosea. Huko hakuna aliyeuliza abiria anataka nini.

#26 Binti Makorora

Ila nyekundu ya KQ inapendeza, tuseme ukweli.

#27 Embakasi Damu

Asante. Hatimaye mmekubali kitu cha Kenya.

#28 Rubani wa Mchongo

Nimechelewa. Niongeze jambo dogo la ndege zenyewe, maana wote mmesahau.

Southwest mwaka 1972 walikuwa na Boeing 737 nne, pesa zikawaishia wakauza moja, lakini ratiba wakaamua waitekeleze ile ile kwa ndege tatu. Ili iwezekane, ndege ikitua igeuzwe ndani ya dakika kumi. Abiria wanatoka, usafi, abiria wanaingia, inaondoka. Wahudumu wakiwa wanaokota takataka kwenye viti. Jaribu kufanya hivyo kwa buti ndefu mara sita kwa siku. Kwa mtazamo wangu raba zilianza kuja pale, hata kama kwenye miguu zilionekana miaka mingi baadaye.

Hata huku kwetu. Ndege za mikoani ni ATR na Q400, za mapanga. Mlango wa abiria wa ATR uko nyuma, unapanda kwa ngazi fupi kutoka chini, upepo wa uwanja unapuliza. Mwanza upepo wa ziwa. Sketi ya kupeperuka hapo ni kituko. Na wahudumu ni wawili tu kwa watu sabini hivi, hakuna wa kusimama kupendeza mlangoni mwingine akifanya kazi.

#29 Binti Makorora

Ukisema ni dakika kumi, mbona walibaki na kaptura baada ya 1972? Mabadiliko yalipaswa kuja mara moja.

#30 Rubani wa Mchongo

Kwa sababu aliyekuwa anaamua sare hakuwa anaokota takataka.

#31 Mama Ruwi

👏👏

#32 Safari ya Usiku

Na kitambaa hakijaisha kuleta balaa. Alaska Airlines walitoa sare mpya mwaka 2011, wahudumu wengi wakalalamika vipele, kuwasha na kupumua kwa shida, mpaka zikaondolewa. American Airlines nao malalamiko kama hayo yakaibuka na sare za 2016. Kwa hiyo hata nguo ya heshima, ya suti kamili, inaweza kukuumiza.

#33 fundi_mshono

Huenda ni zile dawa wanazoweka ili kitambaa kisikunjike na kisishike madoa. Kila mteja wa sare anataka "isipigwe pasi". Kuna gharama yake. Mimi sare mpya yoyote namwambia mteja aifue kwanza kabla ya kuvaa, hata kama inang'aa.

#34 Kiti cha Dirishani

Tukiacha ndege, mmeona wahudumu wa mabasi ya mikoani siku hizi? Skafu, koti, kofia ya pembeni, tangazo la usalama kabisa, "abiria wapendwa fungeni mikanda". Juzi nilitoka Arusha, dada kasimama na toroli ya soda kwenye basi linapita kona za Same. Nilimwogopea.

#35 Mtaa wa Pili

Hahaha kweli. Na wao wameanzia kwenye kisigino. Nao wataishia raba?

#36 Rubani wa Mchongo

Wataanza na raba wakishaumwa migongo, na mwenye basi atasema ni ubunifu wake.

#37 Kesi Imekwisha

Au mpaka atokee kijana wa kiume aliyenyimwa kazi ya uhudumu wa basi, aende mahakamani. Mtaa wa Pili utafurahi.

#38 Mtaa wa Pili

Nitamchangia nauli.

#39 fundi_mshono

Mwenye namba ya kampuni ya mabasi inayotaka sare mpya anipe. Nashona za pamba mchanganyiko, koti linafuliwa, sketi ina mpasuo wa nyuma wa kupandia ngazi. Suruali pia zipo.

#40 Kiti cha Dirishani

Fundi, na shati langu?

#41 fundi_mshono

Shati lako nimeshawavalisha wenye pesa.